Siku Nilipolitangaza Goti la Bahati

Niseme mapema ili tusizungushane: mimi ndiye yule mtu wa kwenye video. Ndiyo, huyohuyo. Wapo watu hapa Louisville, na Columbus, na hata huko Buffalo, ambao hawajui jina langu la ubatizo lakini sauti yangu wanaijua, na siku hizi nikiomba chumvi kwenye meza ya harusi mtu wa meza ya pili anageuka kunitazama, halafu anamnong'oneza mwenzake. Kisa hiki nimekisikia kikisimuliwa kwa namna nne au tano, kwenye kimoja nimepigwa kibao (sikupigwa kibao, ingekuwa afadhali), kwenye kingine nimetolewa nje na polisi. Basi niacheni nikieleze mwenyewe, maana nilikuwepo, na pale pa kuona aibu mimi ndiye niliyekaa kiti cha mbele.

Kwanza mjue kwamba mpira wa kikapu mimi siujui. Ni Mrundi niliyekulia kambini, Kigoma, na mpira wetu ulikuwa wa miguu, wa matambara na mifuko ya nailoni, na goli ni mawe mawili. Nilipoletwa Amerika nikapata kazi kwenye ghala moja kule Okolona, kupakia maboksi kwenye malori, na katika mji huu kama hujui habari za mpira wa kikapu wa vyuo basi wakati wa mapumziko huna la kusema. Nikaanza kuwasikiliza Waamerika wanavyobishana. Naokota maneno kwa kikundi cha leo, kesho nayamwaga kwa kikundi kingine kama nimeyatunga mimi, na pole pole, bila mtu yeyote kuniomba cheti, nikawa mjuzi. Watu wetu wakaanza kuniita Mchambuzi. Sikukataa. Hata koti la suti nililinunua kwa ajili hiyo (la mitumba, mikono mifupi kidogo, lakini kwenye simu mikono haionekani sana).

Sasa yupo Fiston, Mkongo wa Uvira, tuko naye zamu moja. Fiston ana kipindi cha michezo anachokirusha kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, sebuleni kwake Beechmont, kochi limesogezwa ukutani na nyuma yake ametundika kitambaa chenye picha ya mpira. Msikidharau. Wanaosikiliza ni Wakongo na Warundi wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, watu wanaofanya kazi wiki nzima na Jumapili wanataka kusikia mtu akiongea lugha yao juu ya jambo lisilohusu mizigo wala bili.

Mwaka ule jambo lilikuwa moja tu. Vyuo vya hapa hucheza kwa makundi, wanaita konfarensi, yaani vyuo kadhaa vinacheza vyenyewe kwa vyenyewe msimu mzima, na kuna makundi ya wakubwa na makundi ya wadogo. Msimu ule konfarensi moja kubwa ilipokea vyuo vitatu vipya vilivyopanda kutoka chini, na kila mtu akawa anauliza, hawa wageni wataweza? Watamezwa? Na sisi tulikuwa na sababu ya kuuliza kuliko Waamerika, maana kwenye kimoja cha vyuo hivyo, chuo kidogo cha Ohio (jina sitalitaja, yaliyonipata yamenitosha), alikuwepo mtoto wetu Bahati.

Bahati ni wa kwao Mama Bahati, Mkongo anayekaa Columbus, mtaa wa Northland, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mke wangu, Mama Grace, wametoka naye mbali: kambini walipanga foleni ya maji pamoja miaka na miaka, mmoja akiugua mwenzake anamshikia nafasi na kumbebea dumu. Huyo Bahati nilimwona akiwa anatambaa. Sasa ana miaka ishirini na ni mrefu hivi kwamba mama yake akiongea naye wamesimama shingo inamuuma. Alikuwa nguzo ya timu. Picha yake ilikuwa kwenye simu za watu ambao hata hawajui mchezo unachezwa na wachezaji wangapi.

Basi Fiston akanialika kwenye kipindi, mada: vyuo vipya vitafika wapi?

Siku tatu kabla, Alhamisi asubuhi, mke wangu alitoka kazini (naye anahudumia wazee, hapa Louisville), akakaa jikoni na kikombe cha uji bila kuunywa. Nikamuuliza kuna nini.

"Mama Bahati alinipigia analia," akasema. "Goti la mtoto limeharibika. Linavimba kila akicheza, analifunga bandeji chini ya ile suruali ya kubana anayochezea, kocha hajui wala daktari wa timu hajui. Anaogopa wakijua watamweka benchi na ufadhili wa masomo wa mwaka kesho asiupate. Amenieleza mimi peke yangu, nimwombee. Tuombe wote. Ila lisitoke hapa, Baba Grace."

"Mimi nitamwambia nani?" nikamjibu.

Tena nilimjibu kwa kuumia kidogo, kama mtu aliyevunjiwa heshima.

Jumapili ikafika. Nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Nilisema chuo cha kwanza kina wachezaji wazee, kitahimili. Cha pili kina kocha mpya, kitayumba. Nikachanganya majina mawili ya vyuo lakini hakuna aliyegundua. Halafu Fiston akauliza, "Bon, Mchambuzi, sasa chuo ya Bahati. Bo batafika wapi?" Na hapo nikagundua kwamba maneno yangu yote ya ghalani yameisha, nimeyatumia kwa vile viwili vya kwanza. Nikaanza kuzunguka, ooh, mpira unadunda, ooh, msimu ni mrefu, na wakati huohuo nayaona maoni ya watu yakipanda kwenye kioo cha simu, na mmoja wa Columbus akaandika: Huyu mzee anarudia ya televisheni tu, hajui kitu.

Maneno manane. Mke wangu anasema ningeyaacha yapite tu kama yalivyopita mengine. Lakini yaliniingia kama mwiba, kwa sababu yalikuwa kweli, na mtu mzima ukiambiwa ukweli mbele ya watu unatafuta chochote cha kuishikilia heshima yako. Nikajinyoosha kwenye koti langu nikasema, "Fiston, mimi nina habari za ndani."

Fiston akasogea. Mimi nikashusha sauti (sijui nilidhani nikishusha sauti wasikilizaji watapungua). Nikasema chuo kile kitaanza vizuri halafu kitaporomoka, kwa sababu nyumba yote imesimama juu ya goti moja, na hilo goti ni bovu. Nikasema kijana wetu analifunga bandeji na kulificha, daktari hajui, kocha hajui, ila Mchambuzi anajua. Na kama hiyo haitoshi nikaweka na utani: "Gari lenye tairi hili haliendi Buffalo na kurudi." Fiston akacheka mpaka akapiga paja. Maoni yakaanza kumiminika kiasi cha kutosomeka. Yule wa Columbus aliandika: Samahani mzee, kumbe unajua.

Nilitoka pale natembea kama mtu aliyepewa cheo. Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa amelala, ana zamu jioni. Sikumwambia nimesema nini. Moyoni nilijua, msidhani sikujua, lakini nilijiambia ni Kiswahili, ni kwetu kwetu, kocha Mmarekani atajua nini.

Jumatatu wakati wa mapumziko Fiston alikuja mbio na simu. Alikuwa amekata kile kipande cha goti, dakika moja tu, akakirusha peke yake, na kwa kuwa vijana wetu Kiswahili kinawapiga chenga akaweka maandishi ya Kiingereza chini. "Kinatembea, Mchambuzi! Kinatembea vibaya!" Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kifute, Fiston, kifute sasa hivi. Mimi niliuliza, "Wameangalia wangapi?" Na nilipotajiwa nilifurahi. Hilo silisemi ili mnionee huruma, nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ya wiki ileile chuo cha Bahati kilikuwa kinacheza Buffalo, mechi yao ya kwanza ugenini kwenye konfarensi mpya. Kanisa letu lilikuwa na gari la watu kumi na tano, na Shemasi Lazaro, mtu wa maneno machache, Mrundi mwenzangu, alijitolea kuendesha. Fiston akaniomba niende niwe naonyesha moja kwa moja kutoka ukumbini, yeye abaki Louisville anaongoza kipindi. Mke wangu hakupata ruhusa kazini. Ijumaa tukaondoka, tukalala Columbus kwa ndugu zake Lazaro, na Jumamosi alfajiri tukaenda Northland kumchukua Mama Bahati.

Alikuwa anatusubiri chini kwenye maegesho, amevaa kitenge juu ya koti la baridi, mkononi mfuko wa chakula cha moto: chapati, maharage, ndagala (yaani dagaa) za kukaanga, vyote vya mtoto. Aliponiona akafurahi kweli. "Baba Grace! Mungu akubariki, umetoka kule kote juu ya mutoto wangu!" Akaja kukaa kando yangu. Akanifungulia chapati moja, nile, njia ni ndefu. Zamu zake zilikuwa za wikendi, akanieleza, kwa hiyo tangu msimu uanze hajawahi kumwona Bahati akicheza kwa macho yake, amebadilishana zamu na watu watatu ili apate hii siku moja. Nikatafuna. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ila tangu Alhamisi hashike simu. Ameandika tu, Mama tutaonana Buffalo. Unafikiri ni nini?"

Nikaikunja ile chapati iliyobaki, nikaishika mkononi. Nikamwambia wachezaji kabla ya mechi hunyang'anywa simu. (Niliitunga palepale. Nilikuwa mchambuzi hata ndani ya gari.)

Karibu na Erie tulisimama kuweka mafuta. Lazaro akanifuata nje, theluji inaanza kudondoka, akashika mkono wa pampu bila kuniangalia.

"Umemwambia?"

"Nini?"

"Nestor. Ile video kila mtu ndani ya gari ameiona isipokuwa yeye. Simu yake ni ya kupiga tu. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine."

Nikamwambia nitamwambia baada ya mechi, tusimharibie siku yake. Lazaro akarudisha pampu mahali pake, akaenda kulipa. Nilikuwa na saa moja na nusu ya barabara kukaa kando ya yule mama na kufungua mdomo. Nilijifanya nimelala.

Ukumbi wa Buffalo ulikuwa na joto na makelele, na watu wetu wa pale walikuja wengi, familia nzima nzima, watoto wamebebwa mgongoni, wamechukua sehemu nzima nyuma ya benchi la wageni. Waliponiona wakaanza, "Mchambuzi! Mchambuzi ndiye huyo!" Wakanipa mikono. Kijana mmoja akapiga picha nami. Na mimi, badala ya kutafuta shimo, nilinyoosha koti, nikawasha simu, Fiston akaniunganisha, nikaanza: "Ndugu wasikilizaji, tuko hapa Buffalo…"

Timu zikaingia kupasha mwili. Mama Bahati alikuwa amesimama, anatafuta. Mimi nilimwona kabla yake. Bahati alikuja wa mwisho, amevaa suruali ya kawaida na sweta, anatembea polepole, goti limefungwa kwa chuma na mikanda juu ya suruali, kila mtu aone.

"Juu ya nini hajavaa?" Mama Bahati akaniuliza. "Baba Grace, wewe unajua hivi bintu. Juu ya nini hajavaa?"

Mnajua nilifanya nini? Niliendelea kutangaza. Nikasema kwenye simu, kwa sauti ya kitaalamu, "Bahati leo hajavaa jezi, tutawajulisheni sababu."

Sababu ikaja yenyewe. Bahati alimwona mama yake akaanza kupanda ngazi, mguu mmoja mmoja, anashika viti. Watu wetu wakampisha. Mimi nikashusha simu, nikadhani nimeifunga, kumbe nimeielekeza chini tu, na wasikilizaji wote wa Louisville na Columbus wakawa wanaangalia viatu vyangu na kusikia kila neno.

Bahati alianza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyofanya, halafu akageuza ili mama yake asipoteze kitu. "Mama, walijua. Alhamisi kocha aliniita ofisini akanionyesha video. Mtu wetu amesema mambo ya goti, na Kiingereza chini. Kuna mwanafunzi aliiona akaipeleka kwao. Walinipiga picha ya goti siku ileile. Sichezi tena mwaka huu. Kocha anasema ningemwambia mwenyewe, lakini nilimdanganya usoni kila wiki, sasa ataniamini vipi."

"Video ya nani?" Mama Bahati akauliza. Akashika sweta la mwanawe. "Mi nilimwambia mutu moja tu. Moja." Akaanza kuhesabu, japo hapakuwa na cha kuhesabu. Halafu akasema, si kwa ukali, kwa mshangao: "Mama Grace? Mama Grace anaweza kunifanya vile?"

Hapa nataka msikie vizuri, kwa sababu kwenye hadithi za mitaani hapa huwa panarukwa. Ile nafasi ilikuwa yangu. Nilipaswa kusema, hapana, ni mimi. Maneno matatu. Mdomo uliokuwa haufungiki wiki nzima, ukafungika. Nikaliacha jina la mke wangu limekaa pale mbele ya watu, nikitumaini, sijui hata nilitumaini nini.

Bahati ndiye aliyelitoa. Hakuninyooshea kidole, alinitazama tu, akamwambia mama yake, "Si yeye. Ni bwana yake. Ni huyu."

Mama Bahati akageuka. Na mimi, jamani, katika maneno yote ya Kiswahili, na kuna mengi, nikachagua haya: "Mama, ulikuwa uchambuzi tu."

"Uchambuzi," akarudia. Alikuwa bado anashika ule mfuko wa chakula. "Goti ya mutoto wangu njo uchambuzi?"

Hapo sauti ya Fiston ikalipuka kutoka mkononi mwangu: "Mchambuzi, uko laivu! Uko laivu, kata! Kata!" Nikashtuka, simu ikaniponyoka, ikapita katikati ya viti, ikadondoka ngazi ya chini chali, bado inarusha. Nikainama kuifuata. Nikapiga magoti, nikatambaa chini ya viti katikati ya viatu vya watu na soda iliyomwagika, koti likanaswa na bawaba ya kiti, likachanika mgongoni kwa mlio uliosikika mpaka Louisville, nasema hivyo kwa sababu walioko Louisville waliniambia. Kitu cha mwisho walichokiona kwenye kipindi ni uso wangu kutokea chini, jasho linatiririka, kidole kinatafuta mahali pa kuzima.

Nilipotoka kule chini Mama Bahati alikuwa ameshahama viti. Alikuwa amefungua chakula anampa mwanawe, anamwambia kula, na Bahati ameshika chapati tu, haili. Baadaye akaitwa akashuka kwenda kukaa benchi.

Na ile mechi walishinda. Ndiyo, walishinda, ugenini, bila yeye. Kijana wa mwaka wa kwanza alicheza nafasi yake na akacheza vizuri. Ukumbini pale watu wetu hawakujua washangilie au wanyamaze. Mimi sikuangalia mpira, niliangalia mgongo wa Bahati kwenye benchi, jinsi alivyokuwa akipiga makofi kila mwenzake akifunga, kwa bidii, kama mtu aliyeambiwa apige.

Kurudi Columbus ni mwendo wa saa tano. Mama Bahati alikaa mbele na Lazaro. Sauti pekee niliyoisikia kwake ni pale tulipofika Northland, akamshukuru Lazaro kwa safari, akashuka, akafunga mlango kwa adabu. Kile kiti cha kando yangu kilibaki kitupu njia yote, hata watu waliobanana nyuma hawakukisogelea.

Nilifika Louisville Jumapili mchana. Mke wangu alikuwa jikoni, bado na nguo za kazi. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Hakuniacha nianze.

"Nilikuwa mapumzikoni," akasema. "Wafanyakazi wenzangu Wakongo walikuwa wanasikiliza, nikasikiliza nao. Kwamba ulisema goti kwa Fiston, sawa, nimeolewa na wewe miaka kumi na sita, mdomo wako naujua. Lakini alipotaja jina langu nilikusikia ukinyamaza."

"Mama Grace…"

"Nilikusikia ukinyamaza, Nestor."

Hakuwa amewahi kuniita Nestor. Hata tulipokuwa wachumba aliniita kaka. Alimpigia Mama Bahati siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Simu ililia mpaka mwisho kila mara.

Fiston aliifuta video, lakini ilikuwa imeshazaa. Ile sehemu ya kutambaa ndiyo vijana waliyoipenda zaidi, wameiwekea mpaka muziki. Mwezi mmoja baadaye, Lazaro akanipeleka Columbus kuomba msamaha. Nilitaka niseme kwamba nilikwenda kwa hiari yangu. Alikuja na gari mlangoni akaniambia ingia. Mama Bahati alitupokea. Alitupa chai. Bahati alikuwa kwenye kochi, ameshapasuliwa, magongo yameegemezwa ukutani. Nikapiga magoti pale kwenye zulia, mtu mzima, nikasema yote, mpaka la kunyamaza.

Lazaro, kwa kutaka kutusaidia, akasema, "Madaktari wanasema lile goti lilikuwa limebakia uzi mmoja. Labda Mungu alitumia mdomo wa huyu mjinga kumwokoa mguu." Na nakiri kwamba niliinua kichwa. Nililipenda lile neno. Watu wengi wamenifariji nalo tangu hapo.

Bahati akausogeza mguu wake kwenye kochi. "Inawezekana," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshapanga kumwambia kocha. Nilikuwa nimepanga Jumatatu, baada ya Buffalo. Nilitaka mama anione nikicheza mara moja kwenye konfarensi hii. Mara moja tu, halafu niseme."

Mama Bahati alikuwa anamimina chai. Nadhani alikuwa halijui hilo, kwa sababu alisimamisha mkono, birika limeinama, akabaki hivyo. Halafu akamalizia kumimina. "Nimekusamehe, Baba Grace," akaniambia. "Bon. Kunywa, inapoa." Na najua alinisamehe kweli, ni mama wa sala. Lakini habari za mke wangu hakuuliza, na alipotusindikiza mlangoni hakumtumia salamu.

Mkitaka kujua vile vyuo vipya vilifika wapi: kile nilichosema kitahimili kilimaliza mkiani, kile nilichosema kitayumba hakikuyumba, na chuo cha Bahati, nilichosema kitaporomoka, kilimaliza juu ya wenzake wote wawili. Yaani utabiri wote ulikwenda kinyume, na kitu pekee nilichopatia ni kile ambacho hakikuwa utabiri. Ufadhili wa Bahati haukuendelea mwaka uliofuata. Sasa anasoma chuo cha karibu na nyumbani, jioni anafanya kazi kwenye ghala kama mimi, anachechemea kidogo wakati wa baridi.

Mimi uchambuzi niliuacha. Si wa mpira tu. Mtu akiniuliza habari ya mtu mwingine, hata kama ni njema, hata kama ni harusi, namwambia kamuulize mwenyewe. Wengine wanaona nimekuwa na kiburi. Na nimeapa, hili nawaambia ninyi kama nilivyomwambia Mungu, kwamba jambo la mtu likinifikia litazikwa nami, na kama mtu akitajwa kwa kosa langu nitafungua mdomo kabla jina lake halijafika chini.

Lakini kiapo ni changu, mke wangu hakuniomba. Siku hizi simu yake ikilia anaangalia ni nani, halafu anavaa koti, anachukua funguo, anashuka kwenda kuongea ndani ya gari, hata kukiwa na barafu. Nikiwa sebuleni naona taa ya ndani ya gari ikiwaka, halafu inazimika. Anakaa huko nusu saa, wakati mwingine zaidi. Akirudi, mikono ya baridi, macho mekundu mara nyingine, namwekea maji ya chai jikoni. Simuulizi ni nani.